Mitaa Minne, Kalenda Moja: Jinsi ya Kuunganisha Michezo ya Jamii Nairobi na Kaunti Jirani

Ushirikiano mwingi wa michezo mitaani huanza na kombe. Mtu anatoa kikombe, jezi zinachapishwa, mechi nne zinachezwa Jumamosi moja, picha zinapigwa, na mwezi ukiisha uwanja umerudi kuwa njia ya mkato ya kwenda stejini. Mwongozo huu unaanzia upande mwingine. Kwanza kalenda na viwanja, halafu pesa na orodha za wachezaji. Kombe lije mwisho, kama litakuja.

Unawafaa makocha, viongozi wa vikundi na maafisa wa vijana wanaotaka kuunganisha mitaa ya Nairobi na majirani zao wa Kiambu, Machakos au Kajiado kwa msimu mzima. Mfano wetu ni mitaa 4: kila mtaa una timu 2 za kandanda, timu 1 ya netiboli na kikundi 1 cha matembezi.

Hatua ya 1: Fuateni barabara, si mpaka wa kaunti

Githurai 44 iko Nairobi, Githurai 45 iko Kiambu, na vijana wa pande zote mbili hupanda matatu zilezile. Mpaka wa kaunti haumzuii mtu kucheza. Nauli ndiyo inayomzuia. Msafara wa watu 18 ukipanda gari moja kwenda na moja kurudi hulipa nauli 36. Ukilazimika kuteremka katikati ya jiji na kuunganisha gari la pili, nauli zinakuwa 72, na foleni inakula saa nzima. Timu za namna hiyo huanza kukosekana raundi ya tatu, na watu huziita za wavivu bure.

Kwa hiyo chagueni washirika walio kwenye barabara moja. Thika Road inawapa Roysambu, Githurai, Kahawa na Ruiru. Mombasa Road inawapa Imara Daima, Mlolongo, Athi River na Kitengela. Kangundo Road inapitia Komarock, Njiru na Ruai hadi Kamulu na Joska. Waiyaki Way ina Kangemi, Uthiru, Kinoo na Kikuyu. Mtaa rafiki ulio upande wa pili wa jiji mwalikeni kwa mechi ya kirafiki, lakini msiutie kwenye ligi.

Msizidishe timu mwaka wa kwanza. Kupata idadi ya mechi, zidisha idadi ya timu kwa idadi hiyohiyo ukitoa moja, kisha gawa kwa mbili. Timu 8 ni mechi 28, timu 10 ni 45, timu 12 ni 66. Uwanja mmoja hubeba mechi 4 kwa siku bila kugombana na giza, ndiyo maana timu 8 zinakaa vizuri: raundi 7 za mechi 4. Zikijitokeza 12, gawanyeni makundi mawili ya timu 6. Kila kundi lina mechi 15, jumla 30.

Kabla ya kuukaribisha mtaa wowote, hakikisheni una uwanja unaofikika na mtu mzima mmoja atakayeshika simu saa kumi na mbili asubuhi siku ya mvua. Wa pili huyo ni adimu kuliko uwanja.

Hatua ya 2: Pangeni kalenda kabla ya ratiba

Kalenda ni siku ambazo mtacheza. Ratiba ni nani atacheza na nani. Ligi nyingi hutoa ratiba kwanza, kisha mvua, mazishi na mitihani huitafuna.

Mvua za masika Nairobi hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Upande wa Embakasi na Eastlands kuna udongo mweusi unaonata: mvua kubwa ya Alhamisi inaweza kuua mechi ya Jumamosi hata jua likiwaka. Mnabaki na vipindi viwili, wiki ya pili ya Januari hadi katikati ya Machi, na Juni hadi katikati ya Septemba. Cha pili ni kirefu na kinaisha kabla wanafunzi hawajaingia mitihani ya mwisho wa mwaka. Ubaya wake ni baridi ya Julai, ambayo inadai dakika 5 zaidi za kupasha misuli moto, na mashindano ya shule: wachezaji wa shule za upili wanaofuzu hadi ngazi ya taifa na ya Afrika Mashariki huweza kukosekana Agosti. Waulizeni makocha wao mapema.

Chezeni kila baada ya wiki mbili. Raundi 7 na siku ya fainali zinakaa ndani ya wiki 15 kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Juni, na wiki za katikati zinakuwa akiba ya mvua na misiba. Ligi ya kila wiki haina akiba. Ikikosa siku mbili inakwama.

Halafu suala la ibada, ambalo huvunja ushirikiano kimyakimya. Waadventista hawachezi Jumamosi, na wengine wako kanisani Jumapili hadi mchana. Waislamu wana swala ya Ijumaa, na Ramadhani huja mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo usinakili kalenda ya mwaka jana. Pishaneni: raundi moja Jumamosi, inayofuata Jumapili kuanzia saa saba mchana.

Hesabu ya siku ni hivi. Jumamosi, vipindi viwili vya dakika 30, mapumziko 5 na kubadilishana 10 ni dakika 75. Mechi 4 zinaanza saa tatu asubuhi na kuisha saa nane mchana. Jumapili punguzeni vipindi viwe vya dakika 25. Kila mechi inakula dakika 65, na ya mwisho inaisha yapata saa kumi na moja na dakika 20, watu wafike nyumbani kabla ya giza. Netiboli ya timu 4, nenda-rudi, ni mechi 12: mechi 2 kila raundi, inaisha raundi ya sita.

Uenyeji uzunguke. Viwanja 4, kila kimoja siku 2, ni siku 8: raundi 7 na fainali. Hakuna mtaa utakaolalamika kwamba ndio unaosafiri kila mara.

Hatua ya 3: Viwanja

Anzeni na swali la nani mwenye ardhi. Uwanja ambao umechezewa miaka thelathini unaweza kuwa na hati mfukoni mwa mtu. Nairobi, upekuzi wa ardhi hufanywa kwenye mfumo wa Ardhisasa ulioanzishwa 2021. Kwa kaunti jirani, ulizeni ofisi ya ardhi ya eneo. Msiweke magoli ya chuma wala kupanda nyasi mahali ambapo hamjui ni pa nani, kwa sababu mtakuwa mnamtengenezea mtu kiwanja cha kuuza.

Uwanja wa kaunti huombwa kwa barua katika ofisi ya michezo ya kaunti, na malipo yoyote yapate risiti. Uwanja wa shule ya umma huombwa kwa mwalimu mkuu na bodi ya usimamizi. Barua yenu ijibu hofu zao kabla hawajauliza: nani ataosha vyoo, nani atalipa kioo kikivunjika, nani atafunga lango na saa ngapi. Barua ya "tunaomba ushirikiano wenu" hukaa kwenye droo. Yenye majibu hayo matatu hujibiwa.

Kuchora uwanja wa kandanda wa mita 100 kwa 64 kunahitaji kamba, vigingi, utepe wa mita 50 na watu 4. Pigeni kigingi cha kona. Pimeni mita 9 upande mmoja na mita 12 upande wa pili. Umbali kati ya ncha hizo mbili ukiwa mita 15 kamili, kona imenyooka. Ukipungua au kuzidi, sogezeni upande mmoja mpaka ulingane. Wanaokadiria kwa macho hupata uwanja wenye upande mmoja mrefu kwa mita tatu, na ugomvi wa kuotea usiokwisha. Goli kamili lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44 hadi mtambaa panya. Netiboli inataka mita 30.5 kwa 15.25, pete ikiwa mita 3.05 kutoka chini. Voliboli ni mita 18 kwa 9.

Mistari yote ya uwanja huo wa kandanda, pamoja na maboksi na duara la kati, inafika kama mita 700. Kujua chokaa itakayohitajika, pimeni kilo kadhaa, chora mita 50, kisha zidisheni mara 14. Tumieni chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa tu. Chokaa iliyochomwa, inayotumiwa na mafundi wa ujenzi, huunguza ngozi na inaweza kuharibu macho ya mchezaji anayeteleza kwenye mstari, hasa ikiwa mbichi kwa umande. Mafuta machafu ya gari pia yasitumike, ingawa hudumu.

Magoli ya kuhamishwa ndiyo hatari kubwa kuliko zote uwanjani, na watu huyachukulia kama fanicha. Mtoto akining'inia kwenye mtambaa panya, goli lisilofungwa humwangukia. Vyuma vya nyuma vishikwe na vigingi vilivyozama ardhini, au vilaliwe na magunia ya mchanga. Jaribio: watu wazima wawili wavute mtambaa panya kuelekea uwanjani, goli likiinuka nyuma hata kidogo, ongezeni uzito. Mechi zikiisha, yalazwe kifudifudi na kufungwa kwa mnyororo.

Asubuhi ya mechi watu 8 wajipange mstari mmoja na kutembea uwanja mzima, wakiokota chupa, misumari na waya, na kufukia mashimo. Mathare Youth Sports Association, iliyoanzishwa 1987, iliunganisha usafi wa mtaa na ligi yenyewe kwa kuzipa timu pointi za jedwali kwa kazi ya kuzoa taka. Wazo hilo linaigika, mradi kazi ipimwe: mtaro wa urefu fulani, magunia kadhaa, na shahidi kutoka mtaa mwingine. Bila shahidi, kila timu itakuwa imefanya usafi.

Hatua ya 4: Makubaliano na usajili

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kamati iwe ya watu 8, wawili kutoka kila mtaa, mmoja wao mwanamke. Mwenyekiti na mweka hazina wasitoke mtaa mmoja. Mmoja wa kamati awe katibu wa mechi, na neno lake kuhusu kuahirisha ndilo la mwisho: atangaze kabla ya saa moja asubuhi, ujumbe mmoja, kundi moja la WhatsApp. Mkiacha kila kocha aahirishe, timu moja itakuwa uwanjani na nyingine kitandani.

Kwa hadhi ya kisheria mna njia mbili. Kikundi cha jamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, na kinahitaji wanachama wasiopungua 10. Klabu ya michezo husajiliwa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Maoni yetu: anzeni kama kikundi cha jamii, mfungue akaunti, mcheze msimu mmoja. Njia ya Msajili wa Michezo ifuateni mkitaka kutambuliwa na vyama vya michezo. Mitaa ikiwa kwenye kaunti mbili, sajilini upande alipo mweka hazina, na wengine waweke saini kwenye makubaliano kama washirika. Katiba, Kifungu cha 189, inaruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja, lakini msisubiri magavana wakutane ndipo mpige kipenga.

Makubaliano yenyewe yasizidi kurasa mbili. Yaseme siku na viwanja, nani analipa nini, umri na uhalali wa wachezaji, ulinzi wa watoto, namna ya kukata rufaa, na namna ya kujitoa. Hilo la mwisho husahaulika. Andikeni kwamba timu ikijitoa kabla ya kucheza nusu ya mechi zake, matokeo yake yote yanafutwa. Ikijitoa baadaye, zilizobaki ni ushindi wa mezani wa 3–0. Mkikosa kuandika, mtaamua siku ambayo uamuzi unampa mtu ubingwa, na hapo hakuna atakayeamini nia yenu.

Hatua ya 5: Pesa, na hasa mfuko wa nauli

Tatueni nauli kwanza. Kila raundi timu 6 za kandanda husafiri na 2 ziko nyumbani. Timu 6 mara nauli 36 ni 216. Kwa raundi 7 ni nauli 1,512. Kwa nauli ya mfano ya shilingi 70, hiyo ni shilingi 105,840 kwa msimu. Kila timu ikijilipia, mtaa wa mwisho wa barabara unaumia na wa katikati unacheka. Kwa hiyo wekeni mfuko wa pamoja: jumla igawanywe kwa 8, yaani shilingi 13,230 kwa timu, na kila safari ilipwe kutoka mfuko huo. Umbali unaacha kuwa adhabu.

Kiasi hicho hushuka msafara ukipunguzwa. Timu mbili za mtaa mmoja zikiwa na watu 16 kila moja ni watu 32, wanaotosha kwenye basi dogo la abiria 33. Pateni bei ya kukodi kwa siku na mlinganishe na nauli 64 za kwenda na kurudi. Na ada zilipwe kwa awamu tatu kabla ya raundi ya kwanza, ya tatu na ya tano. Mkidai zote mwanzoni mtapoteza timu za vijana wasio na kazi; mkiziacha hadi mwisho hamtazipata.

Akaunti iwe ya benki, watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa pesa. Nambari ya M-Pesa iwe ya kikundi, kamwe isiwe simu ya mweka hazina. Ndani ya saa 48 baada ya kila raundi mweka hazina atume kwenye kundi mstari wa kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Uchelewaji wa wiki mbili hutosha kuzaa uvumi hata kama hakuna senti iliyopotea.

Kuhusu wanasiasa: mwaka 2027 Kenya inaandaa AFCON pamoja na Uganda na Tanzania, na Agosti ya mwaka huohuo kuna uchaguzi mkuu. Makombe yatanyesha. Pokeeni mipira, nyavu, au malipo ya waamuzi yanayoingia kwenye akaunti. Kataeni picha ya mtu kifuani mwa jezi, kwa kuwa jezi hiyo itavaliwa mechi mbili na kugawa wazazi. Mheshimiwa akitaka kweli kusaidia, mpeni orodha ya vifaa vyenye bei.

Hatua ya 6: Mamluki na waamuzi

Mamluki, yaani mchezaji wa kuazimwa asiyeandikishwa, ndiye anayevunja ligi za mitaa kuliko mvua. Kila timu iandikishe wachezaji 18, kila mmoja na picha, jina, mwaka wa kuzaliwa na mtaa anaolala au anaofanyia mazoezi. Picha zichapishwe kwenye karatasi moja na zikaguliwe uso kwa uso dakika 15 kabla ya mechi, kocha pinzani akiwepo. Dirisha la usajili lifungwe baada ya raundi ya tatu. Atakayechezesha asiyeandikishwa apoteze mechi 3–0. Pingamizi liandikwe kabla ya timu kuondoka uwanjani. Linaloletwa Jumanne ni la aliyekwisha kuhesabu pointi.

Nakala za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa msizirushe kwenye WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata nyinyi, na kwa mtoto lazima mzazi aridhie. Mtu mmoja azihifadhi, na zifutwe msimu ukiisha.

Refa asitoke kwenye mitaa inayocheza. Alipwe na mfuko wa pamoja kabla ya kipenga cha kwanza, wala asilipwe na timu mwenyeji. Refa anayesubiri malipo kutoka kwa waliofungwa ataonekana ameuzwa hata akichezesha haki tupu.

Hatua ya 7: Wale ambao hawatagusa mpira

Ligi ya timu 8 huchezesha vijana wapatao 140. Mtaa una maelfu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku. Kipimo cha mazoezi ya "wastani" hakihitaji mashine: unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi.

Kikundi cha matembezi ndicho rahisi. Tafuteni mzunguko wa kilomita 3, mkiupima kwa mita ya bodaboda, usiovuka barabara kuu zaidi ya mara moja na wenye taa au watu asubuhi. Kwa mwendo wa kawaida ni dakika 35 hadi 40. Mara nne kwa wiki mmefikisha kama 150. Wanawake wengi huchagua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukiwa kumepambazuka na watoto bado hawajaenda shule. Awepo kiongozi mbele na mwingine nyuma, na kasi iwe ya wa nyuma.

Waiteni wahudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu, wanaoitwa CHP; wengi wana mashine ya kupima shinikizo la damu. Wapime wanaoanza, hasa waliopita miaka 40. Atakayepatikana na 180/110 au zaidi akiwa amepumzika aende kituo cha afya kwanza, matembezi yatamsubiri. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika ni kusimama papo hapo.

Siku za ligi, tengeni kona ya mita 20 kwa 20 kwa michezo ya watoto kama kati, blada, kuruka kamba na rounda. Watoto hawahitaji jezi, na wazazi waliokuja kutazama hujikuta wanashika kamba. Voliboli ya kukaa huwaingiza wenye ulemavu wa miguu pamoja na wasio nao kwenye wavu mmoja. Wavu ushushwe hadi mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake.

Matembezi ya pamoja ya mitaa yote yakipita barabarani, pelekeni notisi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka notisi ya mkutano au maandamano ya umma isipungue siku 3 wala kuzidi 14 kabla ya tukio. Fuateni kipimo hicho.

Hatua ya 8: Watoto na majeraha

Mtu mzima asibaki na mtoto peke yake kwenye gari, chumba cha kubadilishia nguo au nyumbani. Timu ya wasichana iwe na kiongozi mwanamke, choo kinachofungwa kwa ndani, maji na sodo kwenye sanduku la vifaa. Mechi zao msiziweke mwisho wa siku. Wazazi huwatoa watoto kimya kimya na nyinyi mtadhani hamu imeisha. Simu ya bure ya kuripoti unyanyasaji wa watoto ni 116. Iandikwe kwenye kila orodha ya timu.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na glavu, bendeji, plasta, maji safi ya kuoshea vidonda, mkasi, kitambaa cha kufungia mkono na kikasha cha barafu. Kifundo kikiteguka, wekeni barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15 hadi 20, msikande. Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu, kuchanganyikiwa au kutapika, hachezi tena siku hiyo hata akiapa yu mzima, na afikishwe hospitali. Nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Msipige simu ndipo muanze kutafuta jina la uwanja. Andikeni maelekezo ya lango mapema, na gari lisiegeshwe hapo.

Majeraha mengi huzuilika. Zoezi la kupasha misuli la FIFA 11+, dakika 20, likifanywa angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha kwa thuluthi au zaidi. Wanaolifanya siku ya mechi pekee wasitarajie faida hiyo yote.

Hatua ya 9: Kupata pesa za kaunti kwa wakati wake

Michezo na viwanja ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Mwaka wa bajeti huanza Julai 1, na wanaopeleka maombi ya kukarabati uwanja Juni wamechelewa karibu mwaka mzima. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio kabla ya Aprili 30. Ombi lenu liwe kwenye wadi Julai au Agosti, na mrudi nalo kwenye vikao vya maoni ya umma mwanzoni mwa mwaka. Mitaa ya kaunti mbili ipeleke barua mbili zinazotajana: kila upande uone kwamba jirani naye anaombwa.

Ambatanisheni daftari la mahudhurio. Msihesabu watazamaji. Hesabuni waliokuja wiki ya kwanza, wangapi kati yao walirudi wiki ya 4 na wiki ya 12, na wangapi ni wanawake. Ukurasa mmoja wa hivyo una uzito kuliko picha mia za kombe.

Hatua ya 10: Kuvuka mpaka wa nchi

Msifanye hivi mwaka wa kwanza. Mkimaliza misimu miwili, ziara ya Arusha au Jinja ni tuzo nzuri kuliko pesa. Wakenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Kwenda Tanzania kupitia Namanga, pangeni pasipoti kwa kila mtu. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Dozi moja hutosha maisha. Kwa kila mtoto, barua ya ridhaa ya mzazi iliyoshuhudiwa na wakili, na nakala mbili. Gari liwe na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania pia huitambua, na leseni ya kubeba abiria kuvuka mpaka. Timu iliyosajiliwa na chama cha mchezo wake iombe ruhusa ya chama kabla ya kulipia basi. Kinachokwamisha safari hizi kwa kawaida ni mchezaji mmoja aliyesema pasipoti "iko njiani", kwa hiyo orodha ifungwe siku 30 kabla, asiye na hati mkononi abaki.

Baada ya fainali

Siku saba baada ya fainali kamati ikutane, ikague hesabu na kugawa vifaa kwa mitaa kwa saini. Nyavu zianikwe zikauke kabla ya kukunjwa, la sivyo zitaoza kabla ya Januari. Mipira ipunguzwe upepo kidogo na kuwekwa mbali na bati lenye joto. Ikirudi uwanjani, jazeni hadi kati ya psi 8.5 na 15.6 kwa geji, si kwa kubonyeza kidole. Kabla hamjatawanyika, andikeni tarehe 8 za msimu ujao na mzipeleke kwa wenye viwanja wiki hiyohiyo, kwa sababu makanisa na sherehe za harusi nao wanazitafuta.